Saba ya Mjomba Iliyochungulia kwenye Injini

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa nachagua mchele, na watu wa nyumbani wanadhani uzee umenipanda kichwani. Kaa nikuambie, maana jana nilikusikia ukimjibu baba yako "iko tayari" kwa sauti ileile niliyokuwa nayo mimi siku ile, na sikuipenda.

Ilikuwa miaka ya vita, hapahapa Bujumbura. Binamu zangu wote walikuwa wamekimbilia Tanzania, na mjomba wangu, Mzee Ramazani, fundi wa magari wa Buyenzi, alibaki gereji peke yake. Nikamwambia, "Mjomba, nifundishe mimi." Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Msichana na grisi, jamani! Lakini mwaka haujaisha nilikuwa najua kufungua injini, na kichwa changu kilikuwa kimevimba, usiniulize.

Basi Mwalimu Deo wa Gasenyi akatuletea gari lake kuukuu lililokuwa likipiga kelele mbele ya injini. Kesho yake, Jumamosi, binti yake Odeta alikuwa anaolewa kanisani Mutanga Nord, na gari la kumpeleka lilikuwa hilohilo tu. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Petroli shida, vipuri ndiyo usiseme. Tena harusi zilikuwa za kuharakisha, watu wawe nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ambayo hakuna raia anayeruhusiwa barabarani. Gari lizime njiani na bibi harusi ndani, saa zikienda na askari wapo kwenye barieri za barabarani? Mungu apishe mbali.

Mjomba alibadilisha mnyororo wa ndani mwenyewe. Kazi iliyobaki ilikuwa kurudisha mfuniko wa mbele unaoufunika. Mfuniko ule unashikwa na buloni kumi na moja, hizo ambazo Watanzania wanaziita bolti, na hazilingani: nyingine fupi kama kidole gumba, nyingine ndefu. Kwa hiyo mjomba alikuwa na desturi yake. Alichukua karto, ile karatasi ngumu ya boksi la shati, akachora umbo la mfuniko, akatoboa matundu, akachomeka kila buloni mahali pake na kuandika namba. Halafu akavaa kanzu, akaenda swala ya Ijumaa.

"Ningoje," aliniambia. "Nikitoka musikitini napita kwa rafiki yangu kutafuta joint. Usifunge."

Joint ni kile kikaratasi kigumu kinachokaa kati ya mfuniko na injini ili mafuta yasivuje. Mimi nikawaza: kwa nini nimngoje, wakati ninaweza kuikata mwenyewe? Atakaporudi akute kazi imeisha, aseme mashaallah! Nikatafuta karto gereji nzima, sikuona. Nikaona ile yake. Nyembamba, ngumu, na imeshachorwa! Nikazimwaga buloni zote kwenye bakuli, nikachukua mkasi, nikakata joint nzuri ajabu. Niliisifia kwa sauti, niko peke yangu.

Nilipochukua buloni ya kwanza ndipo nikakumbuka kwamba sijui inakwenda wapi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilibahatisha. Moja ikagoma mwishoni, nikaongeza nguvu, nikajiambia imekaza. Nilijua si sawa, lakini mikono iliendelea.

Mjomba akarudi na joint mkononi, ameipata, maskini, yuko na Mwalimu Deo aliyekutana naye njiani. "Iko tayari, mjomba," nikasema. Mwalimu akapiga makofi. Mjomba akainama kutazama, akasogeza miwani.

"We mutoto," akasema, "hii saba yangu inafanya nini huku?"

Nilikuwa nimekata joint pana kidogo, na pembeni ya mfuniko ilikuwa imechungulia saba, ile namba saba ya mjomba ya kukatwa tumbo kwa kistari, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alicheka mpaka akashika bampa. Alipofuta machozi akaniuliza polepole, "Na zile ndefu, umeziweka wapi?"

Mwanangu, neno "mahali pake" lilikuwa tayari mdomoni. Mwalimu ananitazama amefurahi, nami naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nikasema, "Sijui, mjomba. Nilibahatisha."

Furaha ya Mwalimu ilizimika palepale. Lakini mjomba akasema, "Alhamdulillahi. Sasa tunajua pa kuanzia."

Tukafungua zote. Ile iliyogoma ilikuwa ndefu ndani ya tundu fupi: imegota chini kabla ya kubana chochote. Mafuta yangemwagika yote hata kanisani hawajafika. Mjomba akanionyesha namna ya kutafuta bila karto: unachomeka kila moja kwa mkono bila kukaza, halafu unaangalia vichwa, vyote vikisimama sawa, umepatia. Mwalimu naye alikunja mikono ya shati akasugua mabaki ya karto.

Tulipokuwa tunakaza, safari hii na joint aliyoileta yeye, mjomba akaniambia bila kunitazama: "Kukosea buloni, hata mi nimekosea mara nyingi. Lakini ulisema tayari, na roho yako ilijua apana. Macho yangu yamezeeka, naona kwa mudomo wako. Ukisema tayari, mi napandisha mutoto wa mutu kwenye gari."

Nililia, na sikuficha.

Jumamosi walinikalisha kiti cha mbele, eti likizima nishuke nilitengeneze. Kwaya iliimba kanisani, sikusikia wimbo hata mmoja. Masikio yangu yalikuwa nje kwenye gari. Lilikwenda, likarudi, na saa ya kuvrefe ilipofika Odeta alikuwa kwa mumewe anakula pilau.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu: kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ukibahatisha, sema nimebahatisha, na useme kabla mtu hajapanda. Aibu yake ni ya dakika tano tu, mimi niliipima. Ukinyamaza, atakayelipa ni mwingine, aliyekuamini na kuvaa nguo yake nzuri.

Haya, nenda ukamwambie baba yako ukweli. Mungu akupe mikono mizuri, na akupe mtu ambaye ukimwambia "nimekosea" atashukuru Mungu kwanza. Amina.