Barua Niliyomwandikia Mdogo Wangu

Kwetu, watu wakikosana, hata asiye na kosa huambiwa aombe msamaha yaishe. Busara hiyo niliihamishia Hopkins, huku Marekani, nzima nzima.

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee mmoja akavunjika mbavu katika zamu yake, familia ikadai amempiga. "Sista, sikumgusa," akaniambia. Nikamjibu sikumuuliza hilo. La muhimu ni wale watu wapoe. Nikaandika barua kwa Kiingereza kilichonyooka: mnisamehe kwa jinsi nilivyomuumiza baba yenu. Nikamsukumia kalamu. Akatia sahihi kwa sababu mimi ndiye niliyemlea.

Mahakamani barua ile ilihesabiwa kuwa amekiri kosa, ikampa miaka saba jela. Hakuwahi kumwambia mtu ni nani aliyeiandika, wala mimi sikusema.

Alitoka baada ya mwenzake wa zamu kukiri kuwa ndiye aliyempiga mzee. Hukumu ikafutwa, kanisani tukapika pilau. Lakini alirudi na mgongo mbovu, na hata maghala ya mji jirani wa Shakopee, yanayochukua kila mwenye miguu miwili, hayakumtaka. Tukaomba fidia ya serikali. Hakuwa na tegemeo jingine.

Siku ya kusikilizwa, kule Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, nusu ya kanisa ilikuja. Mimi mwenyekiti wa kina mama nilikaa mbele na gauni jipya. Wakili wa serikali, mpole kama daktari wa meno, akaisoma barua yangu neno kwa neno. Akasema mtu aliyejifunga mwenyewe asiidai serikali. Kisha akamuuliza, "Maneno haya ni ya nani?"

Mdogo wangu akageuka, akanitazama. Nilichotakiwa ni kusimama tu. Niliona aibu, na niliogopa kupoteza leseni yangu ya unesi. Nikainama kutafuta hankachifu kwenye mkoba, nikaitafuta weee, na ilikuwa mkononi.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Jibu lililetwa na posta: ombi limekataliwa. Alilisoma jikoni kwangu, akalikunja vizuri, akaliweka chini ya chupa ya chai. Hapo ndipo nilipopiga magoti kwenye sakafu nikilia, nikimwomba anisamehe.

"Hiyo wacha, sista," akasema. "Kuomba msamaha unajua sana. Ni kusimama kulikushinda."