Rangi ya Kiwandani

Mume wangu alikuwa akivua viatu sehemu tatu: msikitini, sebuleni na kwenye gari lake. Na sisi wengine tulivua, tukaviweka kwenye mfuko, tukakaa na miguu yetu mitupu kama wageni wa heshima. Lilikuwa gari dogo jeupe, saluni, alilonunua likiwa limetumika kidogo huko Japani, wakati yeye bado ni mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga na mimi nafundisha shule ya msingi.

Tunakaa Ibadakuli, ambako vumbi la kiangazi huingia hata kwenye kopo la sukari. Kila asubuhi kabla ya chai alilifuta gari kwa kipande cha fulana kuukuu, akianzia juu kushuka chini, huku akilisemesha kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliipata wakati wa uchumba tu. Magunia hayakupanda. Kuku hawakupanda. Siku moja niliugua malaria ya kutapika, akanishika mkono vizuri mpaka mlangoni pa gari, kisha akaniambia, "Subiri kidogo," akaenda kutafuta nailoni ya kutandika kwenye kiti. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Alitandika hata hivyo.

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, zinapanda na kushuka kama maziwa jikoni. Yeye si wa hasira. Yeye ananuna. Akinuna, nyumba nzima inatembea kwa vidole, na anaweza kumaliza mwezi akiniomba chumvi kwa kunionyesha kidole. Naliweka hili mapema ili nisionekane mwongo kwa kupenda tu.

Maana niligonga lile gari. Ni miaka kumi na moja sasa. Alikuwa amekwenda Ushirombo kwenye msiba wa mjomba wake, akapanda basi ili asilichoshe gari kwa safari ndefu. Mimi nilikuwa na kicheni pati mjini, nimeshona gauni la kijani, na sikuona kwa nini nipande bodaboda na gauni lile wakati gari limelala uani. Nikachukua ufunguo. Nilirudi nyuma kwa madaha, nikaikuta nguzo ya geti. Bati la nyuma upande wa kushoto lilibonyea kiasi cha kuweka sufuria ya wali.

Sikwenda kwenye sherehe. Nilikwenda kwa fundi wa kunyoosha bodi, nikamwambia nina siku tatu. Alilivuta bati, akajaza udongo wao ule wa kuziba mabonde, akapiga msasa, akachanganya rangi mara nne mpaka ikafanana. Mume wangu aliporudi alilizunguka gari kama kawaida yake, akapitisha kitambaa palepale, akasema vumbi la safari hii limezidi. Nikaenda jikoni nikakaa kwenye kigoda.

Nilipanga kumwambia baadaye. Baadaye haikufika. Kila mgeni aliyekuja nyumbani alipelekwa kuliona gari, na kila mgeni aliambiwa maneno yaleyale: "Halijaguswa hili. Rangi ya kiwandani, kote." Nami nilisimama pale na sinia la chai, nikitabasamu.

Kisha presha ya macho ikamwanza. Jicho la kulia likaenda, la kushoto likafuata, na sasa anaona mwanga na vivuli tu. Nikawa dereva mimi, naye akikaa pembeni akiendesha kwa masikio. "Umekanyaga breki kwa hasira." "Sikiliza, shokapu ya kulia inalalamika." Baada ya mwaka wa hivyo, alisema mwenyewe kwamba tuliuze. Safari zetu zilikuwa zimepungua, na gari linalokaa linaoza, alisema, bora lipate mtu wa kulitumia likiwa bado zima.

Alikuwa ameshaweka bei kichwani. Haikuwa tamaa, naapa. Alitaka mtu mmoja, mgeni asiyemjua, alitazame gari lile na kuona kwamba lilitunzwa, na akubali kutoa fedha kwa ajili ya kutunzwa kule. Basi.

Dalali wa mjini alikuja. Hakufungua boneti. Alikwenda mbele ya gari, akasoma kibao cha namba, akarudi kivulini. Watu wetu ndivyo wanavyonunua magari: herufi za kwenye kibao zinaonyesha lilisajiliwa lini nchini, na siku hizi wote wanataka namba E, au angalau D. Letu ni namba A.

"Mzee, hii ni namba A," alisema.

"Nalijua umri wake. Washa usikie."

"Nitasikia nini, mzee wangu? Mteja akiona A, anaondoka. Labda lichinjwe, tuuze vipuri."

Alitaja bei ya kuchinja. Mume wangu alimshukuru, akaagana naye vizuri, akaingia ndani, na siku ile hakula. Nilimchukia yule dalali. Nilimchukia na yule aliyeanzisha mambo ya herufi. Nilitaka gari liuzwe kwa bei ya mume wangu hata kama ningelazimika kumtafuta mnunuzi mlango kwa mlango.

Nilimpata kupitia mpwa wangu anayefanya kazi kwenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kule Masumbwe. Mnunuzi wa dhahabu, mtu wa miaka arobaini hivi. Alitupigia, tukaweka simu spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mimi herufi hazinisumbui. Huku watu wakitusua kwa dhahabu wananunua namba E, mwezi wa pili ukigusa bodi ni viraka vitupu. Nimenunua mawili hivyo. Nataka gari la mtu mmoja, ambalo halijaguswa. Niambie tu ukweli wako. Kama ni rangi ya kiwandani kote, bei yako naitoa, sipunguzi hata shilingi."

"Kote," alisema mume wangu. "Nakupa neno langu."

Aliposhusha simu uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sijaiona tangu macho yazime.

Tuliondoka alfajiri ya Jumanne. Niliamua nitamwambia tukifika Tinde. Tulipofika Tinde alikuwa anasimulia siku alipolileta gari kutoka Dar es Salaam, jinsi alivyolala ndani yake asiibiwe taa, huku anacheka peke yake, nikaona nisimkatishe. Nikasema basi, Isaka. Isaka kulikuwa na malori mengi na mimi nilikuwa na kisingizio cha kutazama barabara. Kahama tulikula wali na maharage, akafuta mdomo, akasema, "Mama, siku hizi unaendesha vizuri." Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunisifu udereva. Nilikunywa maji, nikaomba bili.

Mnunuzi alitupokea mbele ya ofisi yake, chumba kimoja chenye mizani na nondo dirishani. Alimshika mume wangu mkono kwa mikono yote miwili, akanigeukia mimi, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akatuletea viti na soda. Ndipo akatoa sumaku mfukoni. Ni ile wanayopitisha juu ya unga wa dhahabu kuondoa chembe za chuma. Aliifunga kwa leso isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha kwenye bodi, mlango kwa mlango. Inapogusa bati inanata, anaibandua, anasogea. Mume wangu alisikia kila inaponata na kila mara alitikisa kichwa, ameridhika. Aliulizwa kuhusu oili, akajibu mpaka mwezi alioibadilisha. Boneti ilinata. Paa likanata. Upande wa kulia wote ukanata.

Nyuma, upande wa kushoto, sumaku iliteleza ikaanguka chini.

"Mzee, hapa pamejazwa," alisema yule mnunuzi.

Mume wangu akacheka. "Sumaku yako imechoka, mwanangu. Rudia."

Akarudia. Ikaanguka tena. Aliposema tena, heshima ilikuwepo lakini uchangamfu umeondoka. "Mimi nilifuata neno lako, mzee."

Mume wangu alisimama. Akanyoosha mkono wa kulia juu, na nikamjua, nikajua kinachokuja. "Mwanangu, wallahi..."

"Usiape," nilisema. "Baba, usiape. Ni mimi."

Aligeuza uso kunifuata sauti. "Wewe nini?"

"Niligonga nguzo ya geti. Ulipokuwa Ushirombo, msibani. Nikampelekea fundi."

Mashine za karasha zilikuwa zinanguruma huko nyuma, nikazishukuru. Yule mnunuzi aliingia ofisini kwake, akajifanya anatafuta kitu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Sikuwahi kukunyooshea mkono."

"Hukuwahi. Ungenyamaza. Ungeninunia mpaka Ramadhani, na mimi kule kunyamaza kwako kunaniua."

Alinyoosha mkono mbele, nikaushika, nikaupeleka palipojazwa. Alipapasa muda mrefu kwa kiganja, kisha kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo watu wote wale nimewadanganya," alisema.

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale unanisikiliza."

Hilo liliniuma, na lilistahili kuniuma. Nililia kimyakimya mbele ya ofisi ya mtu nisiyemjua, na soda mkononi.

Alimwita mnunuzi. Alimwambia, "Neno nililokupa halikuwa la kweli. Taja bei unayoona ni haki, nami sitabishana." Yule bwana alilizunguka tena, akawasha injini, akaisikiliza ameinamisha kichwa kama daktari. Akashusha bei, si sana. Alisema sehemu moja anayoijua haimtishi, vinamtisha asivyovijua. Ilikuwa chini ya bei ya mume wangu na mbali kabisa na bei ya kuchinja. Mume wangu akakubali, akamkabidhi ufunguo, akamwelekeza namna ya kuamsha injini asubuhi za baridi.

Tulirudi kwa basi. Tulipata viti vya mbele, yeye dirishani. Alikaa kimya, nami nikahesabu kimya kile kama ninavyokihesabu siku zote, nikijiandaa kwa wiki, nikijiandaa kwa mwezi. Niliweka mikono mapajani nikatazama barabara, watu wengine wakiendesha.

Hata Kahama hatujafika, akanigusa kiwiko.

"Kuna kingine?"

Nilifikiri kusema hakuna. Ilikuwa rahisi sana kusema hakuna.

"Vipo viwili," nilisema.

"Vikubwa?"

"Kimoja."

Alivua kofia yake, akaikunja, akaiweka magotini. "Shinyanga bado mbali," alisema. "Anza na hicho kikubwa."