Faili la Mkono Mmoja

Nilifuta mkono wa kaka yangu saa nne ya asubuhi, betri ikiwa imejaa na jua likiwaka vizuri juu ya sola. Sina kisingizio cha giza wala cha usingizi. Nilikuwa nimekasirika, basi. Hasira hasara, mama alituambia tangu utoto, na mimi nilikuwa mtoto wa kuitikia "ndiyo mama" huku mguu uko nje.

Huyo kaka namwita yaya, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Tulifanya kazi pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi, karibu na soko la Kasongo, kwa kompyuta moja. Tuliandika programu: leo ya mwenye duka la dawa, kesho ya shule. Yeye ndiye aliyenifundisha, na alianza na somo ambalo sikuliomba, historia ya vihariri.

Kihariri ni ile programu ambayo ndani yake unaandika programu nyingine. Yaya alizijua habari zake kama mama anavyojua ukoo. Zamani, alisema, watu walihariri mstari mmoja mmoja bila kuona ukurasa. Kisha kikaja Vi, ambacho unatembea ndani yake kwa herufi H, J, K na L, kwa sababu kwenye klavie, yaani kibodi, ya mashine ambako kilitengenezwa, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo. Mashine hiyo haipo tena, lakini vidole vya watu bado vinakwenda palepale. Kipenzi chake kilikuwa Emacs. Katika chumba kimoja cha watafiti huko Amerika kila mtu alikuwa amejiongezea amri zake mwenyewe kwenye kihariri cha zamani, mpaka ukikaa kwenye mashine ya jirani huwezi kufanya kitu. Wakazikusanya zikawa kihariri kimoja, na mlango wakauacha wazi: mtumiaji anaweza kukibadilisha kutoka ndani, kikiwa kinatembea.

Mimi nilisoma Kindu, na huko nilizoea kihariri cha kisasa, chenye soko lake la nyongeza unazozishusha kwa mtandao, rangi hii, msaidizi yule. Yaya alinicheka.

"Yako inangojea rezo," alisema, yaani mtandao. "Yangu inaningojea miye."

Kisha mkanda wa mashine ya kusaga mihogo ukamkamata mkono wa kushoto. Alikuwa ameitwa kuitengeneza. Vidole vinne vilikwenda, kikabaki kidole gumba ambacho hakikunjiki. Kwa wiki nyingi alikaa kando ya ukuta akitazama kompyuta bila kuigusa. Niliogopa kuliko siku ya ajali yenyewe.

Aliporudi kwenye kiti, hakuanza kuandika programu. Alianza kukiandika upya kihariri chake. Siku kwa siku, kwa vidole vitano, alikifundisha kufuata mkono wa kulia peke yake. Akigonga nukta mkato, herufi iliyofuata ilitoka upande wa pili wa klavie: nukta mkato kisha J, inatoka F. Maneno aliyoyatumia sana aliyapa vifupisho. Kila amri iliyotaka mikono miwili ilipata njia ya mkono mmoja. Kazi hiyo ilichukua miaka, kwa sababu kila alipokwama aliongeza kitu. Yote yalikaa katika faili moja refu la mipangilio. Mwishoni aliandika haraka kunishinda, na aliacha kuuficha mkono mfukoni.

Niliyajua haya yote. Nasema ili mtu asinionee huruma.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja alimwita aende Salamabila kwa mwezi mzima, akamwekee programu ya ghala lake. Barabara ya kwenda huko kupitia Kabambare haiaminiki, hivyo kompyuta aliniachia. Aliondoka nyuma ya pikipiki na flashi moja mfukoni, yenye nakala za vitu vyake. Kule angefanya kazi kwenye mashine yao, kwa mipangilio iliyo ndani ya flashi.

Nami nilikuwa naandika programu ya karatasi za matokeo kwa shule ya misheni. Programu ilibaki sehemu ndogo tu, na siku ya kutangaza matokeo ilikaribia. Rezo haikuwapo, na kihariri changu hakikunifaa bila nyongeza zake; nikakaa, nikaandika katika kile cha yaya, na kila nukta mkato ilimeza herufi iliyoifuata na kutapika nyingine. Lugha tuliyotumia ina nukta mkato mwisho wa kila mstari. Prefe, yaani mkuu wa shule, alipita asubuhi, akapita tena, akaniuliza kwa upole wa kuchoma, "Mama, ile kazi iko naisha?"

Ipo amri fupi ya kukifungua kihariri kile bila mipangilio ya mwenyewe. Naijua. Siku hiyo sikuikumbuka, au sikutaka kuikumbuka. Nilifungua faili la yaya nikasema nitalisafisha kidogo. Neno hilo "kusafisha" sisi waandishi wa programu tunalipenda, na mara nyingi maana yake ni kufuta usichokielewa. Nikafuta nusu ya kwanza, nikahifadhi. Nikakifunga kihariri, nikakifungua, bado kinasumbua. Nikafuta iliyobaki, nikahifadhi tena. Kikanyooka. Nikamaliza kazi ya shule siku mbili kabla ya kutangaza, na prefe akanisifu mbele ya wazazi wa wanafunzi.

Kesho yake nilikwenda kurudisha mambo ya yaya mahali pake, nikiwa sina wasiwasi. Kihariri kile huweka nakala ya faili kama lilivyokuwa kabla ya mabadiliko yako. Huweka moja tu. Mimi nilikuwa nimekifunga na kuhifadhi mara mbili, kwa hiyo nakala ya pili ilikuwa imekalia ya kwanza. Nilipoifungua nikakuta nusu ya mwisho: rangi za kioo, ukubwa wa maandishi, na salamu iliyotokea asubuhi, "Karibu mzee, kazi iko."

Mkono ulikuwa katika nusu ya kwanza.

Nilipekua kompyuta nzima, folda kwa folda, sikuuona. Nikabaki na tumaini moja, ile flashi. Siku ya nne baada ya hapo yaya alipiga simu, rezo ikikatika.

"Mashini iko muzuri?"

"Iko muzuri, yaya."

"Haikusumbue?"

"Hapana."

Nilijiambia akirudi nitachukua flashi kimyakimya, nirudishe faili, na asijue kamwe. Wakati wa kungoja nilijifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kitenge, nikajaribu kuandika upya alichoandika. Siku kumi nzima. Nilipata nukta mkato na vifupisho vichache. Vingine sikujua hata kwamba viliwahi kuwapo, maana ni shida za mkono wake, na mimi mkono wangu ulikuwa umefungwa tu. Jioni niliufungua nikaenda kuosha vyombo.

Alirudi na vumbi la njia ya Lusangi hadi kwenye nyusi. Kabla sijapata njia ya kuomba flashi alikwisha kaa kitini, akaweka mkono wa kulia kwenye klavie, akaandika. Akasita. Akaandika tena, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango wa nyumba yake.

"Ni nani aligusa?"

"Ni miye. Nilifuta. Yaya, leta flashi, tutarudisha yote."

Hakugeuka kunitazama.

"Mashini yao niliisafisha yote nikitoka. Flashi nayo niliifuta kule. Kazi ya wale watu ilikosa nafasi."

"Flashi, siku gani?"

"Siku tulisema ku simu. Niliuliza kwanza. Ukasema mashini iko muzuri."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Nilimwonyesha nilichotengeneza kwa siku kumi, akakijaribu, akasema asante, akakifunga. Tangu hapo hajakifungua. Anasema hana nguvu ya kuanza tena. Mkono amerudisha mfukoni.

Sasa anakaa kando yangu kwenye kigoda, anatamka programu kwa mdomo, mimi naandika kwa mikono miwili. Tulizaliwa tumbo moja, na maisha yetu yote aliniita kwa kupiga meza, aliniamuru, "leta," "ondoka," "andika vizuri we mutoto." Hapigi meza tena. Kila mstari anaoutaka ananiomba kwanza, kwa sauti ya mgeni aliyeingia dukani: "Tafazali."