Fundi wa Masizi

Kila Jumapili, mtaani Temeke, karani mmoja, jirani wa Mwajabu, hufungua boneti ya kigari chake, akakunja mikono ya shati jeupe, akapayuka: “Kumwaga oili tu nimpelekee Mzungu wa gereji? Mie si bwege! Gari langu nalitengeneza mwenyewe.” Kisha huinua vidole vyeusi, wapita njia wakamstaajabia. Mwajabu husonya tu, maana Jumamosi huliona gari hilohilo likirudi kutoka kwa Wazungu mjini, lilikopelekwa kutiwa hata maji. Jumapili hii Mwajabu alimfuma karani kaingia uani kwake, amechutama, anakwangua masizi ya sufuria yake kwa vidole.

“Paka na puani,” Mwajabu akamwambia. “Fundi wa kweli hakosi kujikuna.”

Naye, yule asiye bwege, akapaka.