Suali la mama kuhusu ndege ya Khalfan

Kaka yangu kaunda ndege, na leo mama kaiangusha kwa suali moja.

Ndege yenyewe ina viti viwili. Khalfan kaiunda na rafiki yake Mjerumani, huko huko Ujerumani, kila akipata likizo. Wiki ijayo wanataka kuirusha mpaka Ufaransa.

Mchana tunakula kwa mama, huku kwetu mtaa wa Azaiba, nikamuuliza Khalfan: kwani mpakani hamsimamishwi?

Akafurahi kuulizwa. Kumbe ndege ya kuundwa nyumbani, ikishapata kibali kwao, nchi nyingi za Ulaya zinaipokea bila kuombwa ruhusa. Zile nyepesi zaidi ndizo zenye taabu, kila nchi na sharti lake. Nikabaki nnajiuliza nani alikaa akayafikiria haya yote.

Mama kaweka kijiko chini.

"Na viza yako wewe, haijesha?"

Khalfan kaichukua pasi yake kaitazama: viza imekwisha. Miezi yote kahangaikia vibali vya ndege, vyake kavisahau.

Kampigia rafiki yake pale pale. Yule bwana kasikitika kweli. Halafu kauliza, kwa adabu zote, kama kile kiti cha pili anaweza kumpa mkewe.

Khalfan bado kashika simu. Nyinyi mngemjibu nini?