Godoro Kwenye Nyasi za Mradi

Huko juu kwa wakubwa, mradi wa kuzuia mafuriko ulipanda miti na kuchimba mitaro ya nyasi ili ardhi inywe mvua. Sisi wa bondeni, kando ya mto Nabuyonga, hatukupata hata mche mmoja. Mtaro wao uliishia kwenye njia yetu, na mvua ilipozidi, maji yote yaliingia chumbani kwangu yakalowesha godoro la mtoto. Asubuhi nikalianika juu ya paa, kama majirani wote.

Bwana wa mradi akaja. "Mama, ondoa hilo godoro. Wageni wanakuja kutazama kazi yetu."

"Niliweke wapi, bwana? Kichwani kwako?"

Nililiondoa kweli. Nikalibeba hadi kwao juu, nikalitandaza kwenye nyasi zao laini, likichuruzika matope. Wageni walinikuta nimeketi kando yake, mtoto mgongoni. Si walikuja kutazama kazi? Basi watazame.