Kadi Mia Tatu za Bi Ryu

Seok Kyong-ja hana mashine ya kuchapa. Kazi yake ni kutoa faili. Wabunifu wanamletea kurasa walizopanga kwenye kompyuta, naye anazitoa mara mbili: moja ya wino, nyingine ya simu. Ya wino iwe na picha nzito na ukingo wa milimita tatu wa kuliwa na kisu. Ya simu iwe nyepesi, ifunguke kabla mtu hajachoka. Kwa kazi hiyo amesomesha mabinti wawili na kununua chumba chake hapa mtaa wa wachapaji wa Inhyeon-dong, ukuta mmoja na changu. Mimi nakata karatasi. Kwa miaka kumi na tisa tumeazimana kila kitu isipokuwa pesa, ndiyo maana bado tunasalimiana.

Alianza akiwa na miaka kumi na saba, akikata filamu za kuchapia kwa wembe juu ya meza ya kioo. Kompyuta zilipoingia wenzake walilalamika. Yeye aliiuza meza wiki hiyohiyo, kabla bei haijaanguka.

Ana sheria moja: faili ya wino haitoki kabla hajaichapa kwenye karatasi rahisi na kuipitishia kidole, mstari kwa mstari. Aliivunja siku moja tu.

Bi Ryu alikuwa anamwoza mwanawe. Mumewe ndiye mrithi wa nyumba kuu ya ukoo, na kesho yake wazee wote wangekuja kwake kwa tambiko la mababu. Alitaka kumkabidhi kila mmoja kadi ya mwaliko wa harusi kwa mikono miwili. Kadi ilikunjwa mara moja: nje ua, ndani kulia maneno, ndani kushoto patupu. Kwa marafiki wa maharusi, kwenye simu, pale patupu palikaa picha ya wawili hao ufukweni, wakibusiana kama watu waliotoka jela. Faili ni ileile. Picha ilikuwa kwenye tabaka lake peke yake, juu ya ukurasa. Kwa simu unaliwasha, kwa wino unalizima.

Asubuhi bibi harusi alipiga simu, picha isogezwe kidogo. Seok akaliwasha tabaka, akasogeza, akatoa ya simu. Mchapaji naye akawa anapiga kelele mlangoni kwamba mashine inamngoja. Seok akatoa ya wino papo hapo. Tabaka halikuzimwa, na kidole hakikupita.

Saa nane mchana Bi Ryu akafungua kadi ya kwanza.

"Mama yangu! Niwape wazee hii? Babu mkubwa ana miaka tisini na moja!"

"Ni kosa langu," Seok akasema. "Si la mwingine."

"Basi zirudiwe!"

"Mashine zote zimechukuliwa na vipeperushi vya uchaguzi, mama, mpaka keshokutwa."

"Nitawaambia nini? Wasubiri busu likauke?"

Seok alikuwa anaikunja kadi na kuikunjua. Kisha akagonga ukuta.

"Kaka Do! Kisu chako kina makali?"

"Kuliko ulimi wako."

Nikaja. Akaniwekea ukucha kwenye mkunjo. "Kata hapa. Zote mia tatu."

Niliona alichoona: maneno yote yako upande wa kulia, na nusu hiyo inaingia kwenye bahasha ileile.

"Mimi niliagiza kadi ya kukunja," Bi Ryu akasema. "Mnanipa nusu!"

"Mama, kinachokunjwa ni menyu ya tambi," Seok akasema. "Kadi ya ukoo mkubwa husimama wima."

Bi Ryu akaishika ile niliyokata, akaigeuza. Akaijaribu kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama vile babu mkubwa yuko mbele yake.

"Kata," akasema.

Nilipomaliza, Seok akanyoosha mkono kuchukua zile nusu zenye ua mbele na busu nyuma. Bi Ryu akamwahi.

"Hizo nazo zangu. Nimezilipia."

"Za nini?"

"Hazikuhusu."

Wazee walipata kadi zao. Nusu nyingine bibi harusi aliwagawia marafiki zake kama postikadi, na kabla ya mwezi kwisha watatu kati yao walikuja kwa Seok wakitaka "zile za vipande viwili." Akawaambia ni kazi ngumu sana, ina bei yake. Sikumpinga, kisu ni changu.

Siku hizi anatoa ya wino kwanza, halafu ya simu. Bibi harusi akipiga simu katikati, anaiacha ilie.